Moto Kooni, Mzigo Hewani

Jina la Tembo alipewa akiwa darasa la pili, likamganda. Alikua nalo, akaoa nalo, akapata watoto mapacha wa kike nalo, hata wakwe zake wakaacha kulihangaikia lile la kwenye cheti. Kazi yake ilikuwa kuendesha winchi ya mnara, ile inayosimama ubavuni mwa ghorofa linalojengwa na kuwanyanyulia mafundi nondo, mbao na ndoo za zege. Wenzake wa mjengo walikuwa na msemo wao, kwamba kwingine tembo hukaa chini na ndege hukaa juu, ila pale kwao Mungu alichanganya mafaili.

Huko juu, mita sitini na ushee kutoka ardhini, alikuwa na kibanda cha vioo ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kiti kimoja, kishikio mkono wa kulia, kishikio mkono wa kushoto, redio ya kuongea na watu wa chini, na kioo sakafuni kati ya miguu. Kutwa nzima mwendesha winchi hukiinamia kile kioo, kidevu kifuani, akiuangalia mzigo unavyopanda na kushuka. Tembo alikipenda kile kibanda. Kwenye basi watu walimwangalia kwa jicho la kupima nafasi. Kwenye sherehe alitafutiwa kiti cha chuma mbele za watu. Kule juu hakuna aliyemwambia asogee.

Mambo yaliharibika siku kampuni ilipoleta daktari mpya wa kupima wafanyakazi. Daktari alimpandisha kwenye mizani, akasoma kilo mia na sitini na mbili, akafungua kabrasha lake na kumwonyesha mstari. Mkanda wa usalama mwisho wake kilo mia na arobaini. Kapu la kumshushia mgonjwa kutoka mnarani, vivyo hivyo.

"Ukizimia kule juu hatuna kamba ya kukuteremsha," alimwambia bila ubaya wowote. "Nakupa miezi sita. Baada ya hapo siwezi kutia sahihi."

Tembo akahangaika. Alitembea kwa miguu kwenda na kurudi kazini, akala kabichi mpaka watoto wakalalamikia harufu ya nyumba, akapunguza kilo tisa. Mwezi wa nne akaongeza kumi na moja. Ndipo akasikia habari za upasuaji wa kupunguza tumbo, akaenda kuuliza. Daktari wa upasuaji alimchorea tumbo la chakula kwenye karatasi, likiwa kama kiriba kilichojaa maji, kisha akapiga mstari kutoka juu hadi chini. Upande mkubwa unakatwa na kutolewa, alimweleza, unabaki mfereji mwembamba kama ndizi. Akaanza kumuuliza maswali kutoka kwenye fomu. Kisukari? Hapana. Presha? Kidogo. Kiungulia?

Sasa, kiungulia Tembo alikuwa nacho. Hakikuwa kikali, ila akila na kulala kilimfuata kitandani kama mdai. Lakini kwenye benchi la nje mgonjwa mmoja alikuwa amemwambia kwamba wenye kiungulia hawafanyiwi upasuaji wa namna ile, hupelekwa kwenye mwingine ulio mkubwa zaidi, wenye foleni ya mwaka mzima. Yeye alikuwa amebakiwa na wiki saba.

"Sina," akasema, na daktari akaweka alama.

Nyumbani mkewe, Mama Pacha, hakutaka hata kusikia. Alikuwa karani wa shule, mwanamke wa maneno machache yaliyopangwa vizuri, na hayo machache aliyasema. Mtu haumwi tumbo, anakwenda kulikata. Akiumwa je, atakata nini? Walivutana siku nne. Mwisho Tembo akaapa mbele yake na mbele ya mdogo wake mkewe kwamba afanyiwe tu, na hatasikika akilalamika hata siku moja.

"Sawa," Mama Pacha akasema. "Ila mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Usije ukasema sikukwambia."

Huyo mdogo wake mkewe inafaa ajulikane mapema. Alifanya kazi pale pale mjengoni, yeye ndiye mpiga ishara: anasimama kwenye sakafu mzigo unapotua, redio mkononi, na kumwongoza mwendesha winchi kwa maneno. Kwa miaka mitano sauti ya shemeji ndiyo iliyokuwa macho ya Tembo. Utani wao ulikuwa wa kutwa. Shemeji aliogopa urefu. Sakafu ya ghorofa iliyozungushiwa vyuma aliivumilia, lakini ngazi ya mnara hakuigusa. Alidai miguu yake ilitengenezwa kwa matumizi ya chini.

Upasuaji ukafanyika, ukaenda salama. Tembo aliporudi kazini mizani ilisoma mia na thelathini na mbili, daktari wa kampuni akatia sahihi, na kilo zikaendelea kudondoka kama majani. Kufika mwaka alikuwa na tisini na nane. Shemeji alisema sasa dada yake ameolewa upya bila mahari. Watu waliomjua walimsimamisha barabarani wamguse mabega. Msimamizi wa mjengo alimtaja kwenye kikao cha asubuhi kuwa mfano wa mtu aliyeamua.

Moto ulianza mwezi wa tano baada ya upasuaji, ukaingia taratibu.

Mwanzoni ulikuwa ni ladha tu, uchachu wa limau kuukuu nyuma ya ulimi kila alipoinamia kioo cha kibandani. Halafu ukawa ni kitu kinachopanda. Lile tumbo lililobaki lilikuwa mfereji mwembamba, halina pa kutanukia. Akijikunja tu, kilichomo kinatafuta njia, na njia ilikuwa moja, juu. Na kazi yake ilikuwa nini, kama si kujikunja saa nane kwa siku? Tindikali ilipanda hadi kooni ikaunguza, akaimeza, ikapanda tena. Alinunua vidonge, akameza kimoja asubuhi, baadaye viwili, baadaye viwili asubuhi na viwili jioni. Alipanda na chupa ya dawa nyeupe nzito kama chokaa, akawa anaipigia funda kati ya mzigo na mzigo. Aliacha chai, akaacha machungwa, akaacha nyanya, akaacha kula mchana kabisa. Moto haukujali.

Kitandani hakulaliki. Akilala chali alishtuka anapaliwa, maji makali yamefika puani. Alipanga mito mitatu, akamwambia mkewe ni mgongo. Akahamia kwenye kochi, akamwambia ni joto. Sauti ikaanza kukwaruza, akasema ni vumbi la saruji. Meno ya mbele yakawa yanakufa ganzi kwa maji ya bomba, hilo hakumwambia mtu. Kila uongo ulikuwa mdogo, na kila mmoja ulikuwa tofali. Aliyekuwa akijengewa ukuta ni yeye mwenyewe.

Maana angemwambia nani? Daktari wa kampuni? Huyo angefuta sahihi yake siku hiyo hiyo, na kazi aliyokatiwa tumbo ili aishike ingemponyoka kwa sababu ya tumbo lenyewe. Daktari wa upasuaji? Angefungua fomu na kuona pale palipoandikwa hana. Shemeji? Neno likiingia sikio la shemeji saa nne, saa sita liko shuleni kwa dada yake. Na Mama Pacha alikuwa ameapiwa. Tembo alijikuta anakaa na watu siku nzima, wanamsifu, wanamuuliza siri yake ni nini, naye anatabasamu akiwa amefunga mdomo, kwa sababu mdomo umejaa.

Kilichotokea kilitokea Jumatano, kwenye saa tano asubuhi.

Walikuwa wanamwaga zege sakafu ya kumi na moja. Ndoo ya zege ni kubwa, mtu mzima anaweza kujificha ndani, na ikijaa inazidi tani mbili. Tembo alikuwa amekwisha shusha kumi na sita tangu asubuhi, na kwa kuwa zege halisubiri, hakuwa amenyoosha mgongo hata mara moja. Ndoo ya kumi na saba ilifika juu ya sakafu. Shemeji akawa anamhesabia kwenye redio kwa sauti yake ile tulivu: shusha, shusha, polepole, mita tano, mita nne.

Hapo moto ukapanda, na safari hii haukuishia kooni. Uliingia njia ya hewa.

Aliyewahi kupaliwa na maji anajua hofu yake. Hii haikuwa maji. Kifua kizima kilijifunga kama ngumi. Alikohoa bila hewa ya kukoholea, macho yakajaa machozi, kioo cha sakafuni kikawa ukungu. Vishikio vya winchi vimetengenezwa kwa wema: ukiviachia, breki inakamata yenyewe. Lakini mtu anayekabwa haachii, anashika. Mwili wake ulijirusha mbele na mkono wa kulia ukasukuma kishikio hadi mwisho.

Ndoo ikaporomoka. Haikwenda mbali, labda mita tatu, kabla vidole vyake havijafunguka na breki kukamata kwa mshindo uliotikisa mnara wote. Chini pale wanne walikuwa wamejitupa kifudifudi kwenye zege bichi. Ndoo ilibaki inayumba juu yao, kimo cha mtu aliyechuchumaa.

Redio ikaita. "Shem?" Ikaita tena. "Shem, nijibu. Nini kimetokea?"

Tembo alibonyeza kitufe, kikatoka kitu kama pumzi ya tairi. Sauti haikuwepo. Alijaribu tena, haikuwepo. Aliinyanyua ndoo ikae mbali na watu, akaisogeza juu ya uwanja mtupu, akaachia kila kitu na kuegemea kioo. Kibanda hakikuwahi kuwa kidogo namna ile. Hewa ilimwingia kwa kijiko. Aliwaona mafundi wakiondolewa sakafuni, msimamizi akipunga mikono, na mtu mmoja mwenye kofia ya njano, zege limemganda kifuani, akishuka ngazi za jengo mbio. Yule mtu alivuka uwanja, akafika kwenye kitako cha mnara, akasimama. Alisimama muda mrefu. Kisha akashika ngazi.

Ilimchukua shemeji karibu nusu saa. Tembo alimsikia kabla ya kumwona, maana kila alipopanda hatua tano alisimama akamtaja Mungu. Mlango wa sakafuni ulipofunguka, uso uliotokeza ulikuwa wa kijivu. Alijivuta ndani, akakaa chini miguu ameikunja, mgongo ukutani, macho ameyafumba, mikono yote miwili imekamata mguu wa kiti. Wanaume wawili katika nafasi ya mmoja. Harufu ya uchachu ilikuwa kila mahali. Tembo alikuwa ametapika kwenye shati.

Shemeji hakufumbua macho. "Uko hai?"

Tembo akagonga kioo mara moja kwa kidole.

"Chini ya ile ndoo kulikuwa na watu wanne," shemeji akasema. "Mmoja alikuwa mimi. Sasa naomba uniambie unaumwa nini, na usiniambie vumbi."

Basi Tembo akamwambia. Alisema kwa mnong'ono, kwa sababu ndicho kilichobaki, na kwa kuwa mnong'ono hauna nafasi ya kupambapamba, mambo yalitoka yakiwa uchi: vidonge, kochi, chupa ya chokaa, miezi saba. Alimwonyesha ile chupa. Shemeji alifumbua jicho moja, akaiangalia, akalifumba.

"Dada anajua?"

"Hajui. Niliapa."

"Nilikuwepo ulipoapa. Uliapa hutalalamika, hukuapa kuua watu." Upepo ukakisukuma kibanda, akazidi kuukumbatia ule mguu wa kiti. "Leo hii utamwambia. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na wewe unajua mimi huwa naongeza chumvi."

Tembo akaitikia kwa kichwa. Shemeji akaungama jambo la pili, kwamba kushuka hawezi. Kupanda alipanda kwa hasira, na hasira ilikuwa imemwisha.

Walishuka pamoja. Tembo alitangulia chini, shemeji juu yake, na katika kila hatua Tembo alikishika kile kiatu cha shemeji kwa mkono na kukiweka kwenye chuma. Hatua mia mbili na zaidi. Hakuna aliyetania. Walipogusa ardhi msimamizi alikuwa anawangoja na karatasi ya taarifa ya ajali, na Tembo akaomba kalamu akaandika mwenyewe: nilipaliwa na tindikali ya tumbo, si mara ya kwanza. Sahihi ya daktari ikafutwa kabla ya saa tisa, kama alivyojua itafutwa.

Jioni ile alimkuta mkewe anasahihisha orodha ya majina ya wanafunzi mezani. Akaketi. Akamweleza yote isipokuwa moja. Mama Pacha alisikiliza kalamu iko hewani, na simulizi ilipofika kwenye ndoo na aliyekuwa chini yake, aliiweka kalamu mezani taratibu, akanyanyuka, akaenda chumbani na kufunga mlango. Asubuhi alikuwa amevaa, ameomba ruhusa kazini, anamngoja mlangoni waende hospitali. Hakusema lile neno la mwiba. Tembo alilingojea njia nzima, na kutolisikia kulimuuma kuliko kulisikia.

Daktari wa tumbo alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya raba. Alimtia mpira wenye kamera kooni, kisha akawaketisha wote wawili na kuwaonyesha picha. Umio, ile njia ya chakula, ulikuwa umechubuka kama goti la mtoto, na kipande cha chini kabisa ngozi yake ilikuwa imeanza kugeuka kuwa ngozi ya namna nyingine. Si saratani, akasema, lakini ni njia inayoelekea huko; haifai kuachwa. Vidonge vimeshindwa. Kilichobaki ni upasuaji wa pili: kuukata ule mfereji juu, kuacha kifuko kidogo, na kukiunganisha na utumbo ili tindikali isipate pa kupandia.

Tembo akamuuliza kama hawawezi kumrudishia tumbo lake la zamani.

"Halipo, baba," daktari akajibu. "Lilitolewa."

Alijua. Alikuwa anajua tangu siku ile ya mchoro. Hata hivyo alihisi kama mtu aliyeusukuma mlango alioingilia akakuta nyuma yake wamejenga.

Daktari akachukua kalamu. "Kabla ya ule upasuaji wa kwanza, ulikuwa na kiungulia?"

Lile moja lililobaki ndilo hilo. Tembo alimwangalia mkewe, akaangalia viatu vya daktari, akaangalia dirisha, ambalo lilikuwa na nondo.

"Nilikuwa nacho," akasema. "Niliulizwa, nikasema sina."

Kalamu ya daktari iliandika bila haraka. Mama Pacha hakugeuza shingo. Walitoka, wakapita korido, wakapita lango, wakatembea mpaka kwenye duka la viatu lililofungwa, hapo akasimama.

"Ulimdanganya daktari," akasema, "ukanifunga mdomo mimi, kisha ukaning'iniza ndoo juu ya kichwa cha mdogo wangu. Ni matatu hayo, Baba Pacha, na yote tutayazungumza. Lakini nitayazungumza na mtu mzima, sitayazungumza na mgonjwa. Kwanza upone."

Yalizungumzwa kweli, miezi mingi baadaye, na hayakwisha kwa siku moja.

Alisubiri upasuaji wa pili wiki kumi na nne. Wiki hizo kampuni ilimweka stoo, akihesabu kofia na glavu, na watu waliokuwa wakimshika mabega sasa walipita wakimwangalia kwa chati, kwa pembe ya jicho. Alilala ameketi. Alikula uji vijiko sita. Siku ya kutia sahihi alisoma karatasi yote, mstari kwa mstari, madhara yote kumi na tisa, hata muuguzi akamuuliza kama anatafuta kosa la herufi.

Moto uliondoka. Ni kweli uliondoka. Siku ya tano aliinama kuokota soksi, akangoja, na hakikupanda kitu. Lakini upasuaji wa pili nao ulikuwa na masharti yake. Akila kitu kitamu kidogo tu, moyo unakwenda mbio, jasho linamtoka, dunia inazunguka, na ni lazima alale chini nusu saa. Mtu wa namna hiyo hakuna daktari atakayemruhusu kupanda mnara. Jengo lilipokwisha na winchi ikafunguliwa vipande vipande, aliyeifungua alikuwa mwingine. Tembo alipata kazi kwenye yadi ya vyuma, winchi ya magurudumu, kiti chake kiko mita mbili kutoka ardhini, na kutwa nzima watu humgongea mlango kumwambia asogee.

Sauti ilirudi nusu. Meno mawili hayakurudi.

Pale yadini kuna mchomeleaji, mtu mnene, mkimya, anayelala na mashine ya kumsaidia kupumua. Mwaka jana alimfuata wakati wa mapumziko, akaketi juu ya bomba, akamuuliza kama afanye ule upasuaji au asifanye. Tembo akamweleza kwa saa nzima. Alimweleza kilo na magoti yasiyouma, alimweleza watoto wake wanavyomkimbilia sasa bila kumzunguka, alimweleza tindikali na ndoo na picha ya umio. Akamwambia akiulizwa maswali ayajibu kweli hata kama yatamchelewesha mwaka. Mchomeleaji alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema alikuja kutafuta neno moja tu, ndiyo au hapana.

"Neno moja sina," Tembo akamjibu.

Yule mtu alikwenda, akajibu maswali yake yote kweli, akafanyiwa ule ule upasuaji wa kwanza. Hadi leo hajawahi kupata kiungulia. Anakula nyanya, anakunywa chai ya ndimu, analala chali kama mtoto, na kila Jumatatu humsimulia Tembo jinsi alivyolala vizuri. Tembo humsikiliza, hufurahi kwa kadiri anavyoweza, kisha hupandisha kioo cha winchi yake na kuwasha injini.